Maandalizi ya chuo yaanze kidato cha tano

Msikilizaji, mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na matokeo kwa kawaida hutoka Julai. Baada ya hapo mambo huenda mbio, na kijana wa hapa Chumbi, Rufiji, asiyejiandaa huachwa nyuma hata kama amefaulu vizuri.

Mkopo wa elimu ya juu huombwa mtandaoni kupitia Bodi ya Mikopo. Mwombaji anatakiwa awe na mdhamini na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Aliyefiwa na mzazi anahitaji pia cheti cha kifo. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Yupo aliyezaliwa nyumbani na hajasajiliwa, yupo ambaye jina la cheti halilingani na la shuleni. Na miezi hiyo hiyo ya maombi wahitimu wengi wako kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mbali na wazazi na nyaraka zao.

Dawa ni kuanza mapema. Mwanafunzi akiingia kidato cha tano, mwalimu akague vyeti, mzazi afuatilie usajili, na mtendaji wa kijiji asaidie barua zinazohitajika.

Tuseme pia ukweli: chuo kikuu si njia pekee. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ikwiriri kiko ng'ambo tu ya Daraja la Mkapa, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA hufundisha ufundi unaoleta ajira. Kijana aelezwe njia zote kabla ya mtihani, ili achague kwa kujua.

Wazazi wa Chumbi, ulizeni leo: cheti cha mtoto kiko wapi?