Shule Yetu ya Kata: Twaipimaje?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wazazi, walimu na wazee wa kata. Inapigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tumeombwa kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni hili: mtu aipimeje shule ya sekondari ya Serikali iliyo karibu naye, hiyo tuiitayo shule ya kata, hata ajue kama ni nzuri au mbaya? Jambo hili si dogo. Kila mwaka wako wazazi wanaouza ng'ombe au shamba kwa sababu wamesikia neno barazani kwamba shule fulani haifai. Neno hilo huenda likawa kweli, na huenda lisiwe kweli. Walakini ng'ombe akiisha kuuzwa harudi zizini.

Twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Novemba ya mwaka jana alifika kwetu bwana mmoja, mkulima wa alizeti. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tukamwitikia, tukampa kiti. Akaendelea, "Binti yangu amemaliza darasa la saba naye amefaulu. Najua atachaguliwa shule yetu ya kata. Ninazo ekari tatu kule bondeni, na mnunuzi nimempata. Nataka kumpeleka shule ya kulipia iliyo mbali, maana watu wote wasema shule yetu ni mbovu. Wewe umefundisha miaka mingi. Wasemaje, niuze nisiuze?"

Neno "uza" lilikuwa tayari ulimini mwetu, kwa sababu sisi nasi tulikuwa miongoni mwa hao watu wote. Ndipo tulipojiuliza: sisi tuliingia shuleni humo lini? Jibu lilitutia haya. Tangu siku ya kuchimba msingi wa madarasa, hatukuwa tumevuka kizingiti chake. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tukamwomba yule bwana atupe siku kumi, naye akakubali. Haya tutakayoyasema ni yale tuliyojifunza katika siku hizo kumi.

Kwanza yafaa tujue sifa mbaya ya shule hizi ilianzia wapi. Mwaka 2004 Serikali ya Tanzania ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Kabla ya hapo shule za sekondari za Serikali hazikutimia elfu moja katika nchi nzima. Kufika mwaka 2010 zilikuwa zimepita elfu tatu. Wananchi walibeba mawe, wakafyatua matofali, na kuta zikasimama upesi. Lakini mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Shule nyingi zilifunguliwa zikiwa na walimu wachache mno, bila maabara, bila vitabu vya kutosha. Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa kama sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilishtuka, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na mwezi wa Mei yakaamriwa yafutwe na kupangwa upya. Tangu mwaka huo jina la "shule ya kata" limebaki na doa. Twasema doa hilo halikuwa la uongo. Illa shule si jiwe, hubadilika, na mtu asiyeitazama upya hupima shule ya leo kwa kibaba cha jana.

Basi, tupime kwa vipimo gani? Tumeona vitano.

Kipimo cha kwanza ni matokeo ya mtihani, lakini yasomwe vizuri. Watu husema, "Shule ile imefaulisha tisini katika mia." Ulizeni: kufaulu kupi? Baraza la Mitihani huchukua masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Alama A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, na F pointi 5. Mwenye pointi 7 hadi 17 yu Daraja la Kwanza. 18 hadi 21 la Pili. 22 hadi 25 la Tatu. 26 hadi 33 la Nne. Na 34 au 35 ni sifuri. Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi. Mtoto aliyepata D mbili na F tano ana pointi 8 na 25, jumla 33. Huyo yu Daraja la Nne, naye huhesabiwa kuwa amefaulu. Lakini hawezi kuingia Kidato cha Tano, maana huko hutakiwa awe na C au zaidi katika masomo matatu. Kwa hiyo msihesabu waliofaulu tu. Hesabuni ni wangapi wamepata Daraja la Kwanza, la Pili na la Tatu. Matokeo ya kila shule hutolewa wazi kwa jina lake, yakionyesha madaraja ya wasichana na ya wavulana, na mwisho wake pana jedwali la kila somo. Kijana yeyote mwenye simu aweza kumsomea babu yake. Tazameni hasa Hisabati na sayansi, ambazo huwashinda wengi katika nchi nzima.

Kipimo cha pili chasahauliwa na watu karibu wote: nacho ni kuhesabu tangu mlangoni. Tuseme shule moja ilipokea watoto 96 Kidato cha Kwanza, na waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne ni 40, wote wakafaulu. Shule ya pili ilipokea 120, wakafanya mtihani 108, wakafaulu 90. Barazani shule ya kwanza itasifiwa kwa kuwa imefaulisha wote. Walakini, katika kila watoto kumi waliopelekwa na wazazi wao, ile ya kwanza imefikisha wanne tu, na ile ya pili imefikisha saba na nusu. Wale 56 wa shule ya kwanza wamekwenda wapi? Labda wengine wamehama, wengine wamerudia Kidato cha Pili, wengine wameondolewa kwa kuwa alama zao zingeharibu sifa ya shule, na wengine wamo majumbani. Tusisahau pia kwamba shule ichaguayo watoto hodari tangu mwanzo haina ajabu ikiwatoa hodari. Mkulima apandaye bondeni penye maji hashindani na apandaye kilimani. Apimwaye ni yule aliyeongeza mavuno katika shamba alilopewa.

Hesabu hiyo ifanywe kwa wasichana peke yao vilevile. Ikiwa Kidato cha Kwanza wasichana ni nusu ya darasa, na Kidato cha Nne wamebaki robo, shule na kijiji vyote viwili vina ugonjwa. Yaulizwe: je, njia ni ndefu? Je, liko bweni? Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi walioacha masomo, pamoja na waliopata ujauzito, warudi shuleni katika mfumo rasmi. Je, mlango huo katika shule yetu umefunguliwa kweli, au umefunguliwa katika karatasi tu?

Kipimo cha tatu ni mwalimu darasani. Hiki hakionekani katika jedwali lolote. Sharti mtu aende. Sisi tulikwenda siku ya Jumanne asubuhi, tukapokewa na Mkuu wa Shule kwa adabu, tukaomba kuonyeshwa ratiba na daftari la mahudhurio. Mali bila daftari hupotea bila habari, na watoto ni mali iliyo kubwa kupita zote. Tulitembea barazani tukiwa na ratiba mkononi. Madarasa mengi yalikuwa na walimu wao, chaki mkononi. Lakini Kidato cha Tatu walikuwa peke yao katika kipindi cha Fizikia. Tukauliza, tukaambiwa mwalimu wa somo hilo alihamishwa tangu mwezi wa Julai, wala hajaja mwingine. Basi hilo twalisema bila kuficha: hiyo ni kasoro kubwa, wala si ya mtoto. Yatosha kusema pia kwamba hakuna mzazi hata mmoja aliyekuwa akiijua, ingawa ilikuwa na miezi minne.

Kipimo cha nne ni madaftari ya watoto. Mzazi asiyejua Kiingereza asidhani kwamba hawezi kukagua daftari. Atazame tarehe: je, kazi zimefuatana wiki kwa wiki, au pana mwezi mzima mtupu? Atazame kalamu nyekundu: je, mwalimu amesahihisha, au ametia alama ya vema ukurasa mzima bila kusoma? Je, mtoto ameandika masahihisho? Mtoto wetu husoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, kisha siku moja ya Januari huingia chumba ambamo masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Shule njema hujulikana kwa jinsi impokeavyo mtoto huyo katika miezi ya kwanza: kama humfundisha lugha kwa saburi, au humwacha akariri maneno asiyoyaelewa. Mwambieni mtoto awaeleze kwa Kiswahili alichojifunza leo. Akiweza, ameelewa, asipoweza, ameimba tu.

Na juu ya maabara, neno moja. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza shule za kata zijengewe maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia, nasi sote tulichanga. Msiulize kama jengo lipo. Ulizeni mtoto amewahi kushika hadubini mara ngapi. Jengo lililofungwa kwa kufuli halimfundishi mtu.

Kipimo cha tano kinatuhusu sisi wenyewe. Shule ina Bodi yake: waulizeni wajumbe kama taarifa ya Wathibiti Ubora imesomwa kwao, na nini kimefanywa baadaye. Tangu Januari 2016 hatulipi tena ada, ile ya kutwa iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Hilo ni jambo jema sana; lakini limewafanya wengine wetu wadhani kwamba pamoja na ada tumeondolewa na kazi ya uzazi. Siku ile tuliona watoto wengi hawali mchana, maana michango ya chakula ilitoka kwa wachache. Mtoto aliyetembea tangu alfajiri, akakaa bila kula hata saa tisa, atafundishwa nini saa nane?

Siku ya kumi yule bwana akaja. Hatukumwambia auze, wala hatukumwambia asiuze. Mali ni yake na mtoto ni wake. Tulimwambia tuliyoyaona: kwamba walimu wengi wanafanya kazi, kwamba madaftari ya Kiingereza na Baiolojia yalisahihishwa vizuri, kwamba Hisabati bado ni dhaifu, kwamba Fizikia haina mwalimu, na kwamba watoto wana njaa. Tukamwambia pia aipime kwa vipimo hivyo hivyo ile shule ya mbali kabla ya kutoa ekari zake.

Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mambo matatu hayo mabaya, mawili twaweza kuyaondoa wenyewe." Tukamwuliza ni yapi. Akajibu, "Njaa ni yetu. Na mwalimu wa Fizikia hajaombwa, maana hakuna aliyejua kwamba hayupo."

Hakuuza. Januari binti yake aliingia Kidato cha Kwanza hapa petu. Baba alipeleka gunia la mahindi shuleni, akawaambia majirani, nao wakapeleka. Siku hizi uji na makande hupikwa, ingawa si kila siku. Wajumbe wa Bodi na Mtendaji wa Kata waliandika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, wakaifuata kwa miguu mara mbili. Mwalimu wa Fizikia alifika mwezi wa Aprili. Hisabati bado. Hatuwezi kuwaambia kwamba binti yule atafaulu. Miaka minne ni mirefu, na kama shule ikirudi nyuma, yeye ndiye atakayelipa, si sisi wasemaji.

Kwa hiyo twawasihi, wazee wetu. Mtu asemapo "shule yetu mbovu," asiachwe apite. Aulizwe: katika kipimo kipi? Uliingia lini? Ulimwambia nani? Vilevile mwalimu asemapo "shule yetu nzuri," aulizwe hayo hayo, wala asikasirike. Shule isiyopimwa hudhulumiwa kwa njia mbili: kasoro zake hufichika, na jitihada zake hazionekani. Mwishowe wenye uwezo huondoa watoto wao, na wanaobaki ni watoto wa wale wasio na ekari ya kuuza. Hao nao ni watoto wetu.

Mkutano wa wazazi wa muhula huu utakuwa shuleni, si hapa ofisini. Njoni na daftari la mtoto mkononi.

Tumekwisha.