Mtoto Akitaka Kusomea Nguo

Msikilizaji, mtoto wa Ngara akisema anataka kusomea uhandisi wa umeme, ukoo mzima unafurahi. Akisema anataka kusomea nguo, anaulizwa tangu lini cherehani ikahitaji chuo kikuu. Leo nasimama upande wa mtoto huyo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uhandisi wa nguo, na kina nyingine ya usanifu na teknolojia ya nguo. Mwanafunzi anajifunza kwa nini uzi unakatika mtamboni, namna rangi inavyoshika kwenye pamba isichuje, na kitambaa kipi kinavumilia jua na kufuliwa kila siku. Hiyo ni fizikia na kemia, tena nzito. Ukija upande wa biashara ya mavazi, kuna kujua nguo gani iagizwe, kiasi gani, msimu upi, na kwa bei ambayo mnunuzi wa Rulenge ataimudu. Mama muuza mitumba wa Nyakanazi anapiga hesabu hiyo kichwani, na anaipiga akiwa ameshalipia belo ambalo hajui ndani yake mna nini.

Biharamulo tunalima pamba. Sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inauzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, haijasokotwa hata uzi, halafu tunanunua shati kutoka huko huko. Tulijenga viwanda: Urafiki ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, Mwanza ikapata Mwatex. Waliokuwa vijana kwenye mitambo ile mwaka ule ni wazee leo. Nani amerithi ujuzi wao?

Tazameni ng'ambo ya daraja la Rusumo. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Kwa sababu hiyo, mwaka 2018 Marekani ikawaondolea nafuu ya kuingiza nguo zao huko bila ushuru, chini ya mpango wa AGOA. Nawaheshimu majirani zetu kwa msimamo ule. Lakini ushuru haushoni shati. Shati linashonwa na watu waliosomea kazi hiyo, na hao ndio tunaowavunja moyo wakiwa kidato cha nne.

Kila Januari wazazi wa wilaya za Ngara na Biharamulo wananunua sare za shule. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo huo uende kwa vikundi vya ushonaji vyenye mhitimu anayejua vitambaa na soko, sare zishonwe hapa hapa.

Nanyi walimu wa sekondari, mwanafunzi anayependa nguo msimwondoe kwenye hisabati na sayansi. Mzazi, mtoto akikuletea jina la kozi ya nguo wakati wa kuomba chuo, mwache aijaze.