Dawa ya mafuta: tupime kwanza kabla ya kununua

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Kabambare



Niliombwa niseme juu ya ile dawa ya mafuta. Mnajua, mfanyabiashara alipita hapa na chupa zake ndogo, pamoja na kisumaku cha kufunga kwenye mrija wa esansi. Anasema pikipiki itapunguza kunywa kwa robo nzima. Chupa moja ni dolari 5. Ombi liko mezani: tutoe dolari 60 kwenye sanduku, tununue chupa 12 kwa pikipiki zetu nne.

Miye nasema tungoje.

Injini nzima inaunguza karibu esansi yote inayoingia ndani. Nguvu nyingi inapotea, kweli, lakini inapotea kama joto. Ndiyo maana bomba la moshi linatuunguza miguu. Lile joto halirudishwi na chupa wala kisumaku. EPA, ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda mazingira, imepima vyombo na dawa za namna hii zaidi ya 100. Vichache tu vilileta faida, tena ndogo. Na wale wanaotengeneza pikipiki kule India na China wanagombania wateja kila siku. Kama kisumaku kingepunguza robo, wangekwisha kukifunga kiwandani.

Mwenzetu mmoja alisimama akasema: “Miye nimetia, najionea.” Hakusema uongo. Nilimuuliza siku ile alifanya nini kingine. Akajibu: alisafisha filtri ya hewa, akabadilisha buji, tena akaendesha polepole apate kuona kama dawa inafanya kazi. Na ilikuwa kiangazi, barabara imekauka. Sasa tushukuru chupa au filtri?

Tuseme haki: kuna dawa za kusafisha zinazoweza kusaidia injini yenye uchafu. Lakini zinarudisha tu kile uchafu ulichokula.

Kwetu hasara iko mahali pengine. Esansi inatufikia kwa bidoni, imepita mikono mingi. Mwingine anatia maji, mwingine petroli ya taa. Mwezi uliopita pikipiki ya wagonjwa ilizimika njiani usiku, mama mjamzito akiwa juu. Ilibidi abebwe kwa kipoyi hadi hospitali. Mungu alisaidia, akazaa salama. Asubuhi tulifungua karibureta, tukakuta maji. Kisumaku hakitoi maji ndani ya esansi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwanza, pesa ileile inunue filtri, buji na pampu ya upepo. Mpira usio na upepo wa kutosha unaongeza kazi ya injini, na nyororo kavu vilevile.

Pili, tuchunguze esansi kabla ya kulipa. Tia kidogo katika chupa inayoonyesha ndani, ngoja: maji yatashuka chini. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, mbali na jiko. Esansi safi inakauka. Petroli inaacha doa la mafuta.

Tatu, daftari. Jaza tangi hadi mdomoni, andika kilomita, ukirudi jaza tena, andika litri. Najua konteri nyingi zimekufa. Basi tuhesabu safari za njia ileile. Kama mfanyabiashara ana uhakika, atuachie chupa moja kwa pikipiki moja. Wiki mbili bila dawa, wiki mbili na dawa, dereva yuleyule, njia ileile, mzigo uleule. Daftari likisema inasaidia, miye nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono tununue.

Ndugu zangu, wengi wetu tulirudi hapa mikono mitupu. Dolari iliyo ndani ya sanduku imetoka kwa mama aliyeuza mihogo, ao kwa mfadhili aliyetuamini. Wote wawili wana haki ya kutuuliza ilikwenda wapi, na tuwe na daftari la kuwaonyesha.