Homa kwa Mtoto Anayepumua kwa Tundu la Shingo

Mtoto wenu mwenye kanula shingoni akishikwa na homa, msianze kwa kutafuta dawa. Anzeni kwa kutazama kanula. Wengi wanasema, "Iko na malaria tu." Labda ni kweli, kwetu malaria ni nyingi, na lazima damu ipimwe siku ile ile. Lakini homa inakausha mwili, makohozi yanakuwa mazito kama gundi, na kanula inazibika. Pumzi haingojei majibu ya damu.

Basi mama, mfunue kifua. Weka mkono mbele ya kanula: upepo unatoka? Kama inakoroma, vuta makohozi kwa sonda vile ulivyofundishwa, mpaka kipimo ulichoonyeshwa tu, bila kupita sekunde 10. Kama kanula iko na kipande cha ndani, kitoe, ukisafishe, ukirudishe. Sonda ikikataa kupita, kanula imeziba: weka ile ya akiba mara moja.

Halafu homa yenyewe. Kwapani, digri 37,5 ao zaidi ni homa. Mpunguzie nguo. Nyanya atakuja na blanketi. Mshukuru, lakini isifunike shingo. Usimmwagie maji, yakiingia tunduni yanafika mapafuni. Parasetamoli ni mg 15 kwa kila kilo: mtoto wa kilo 10 apewe mg 150, kila saa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Aspirini hapana. Mnyonyeshe, mpe maji kidogo kidogo. Jiko la makala libaki inje, moshi ni adui wake.

Usiku ndio shida kubwa. Mtoto huyu akilia, mara nyingi hakuna sauti. Wengine wanaamsha mama yao, yeye hawezi. Kwa hiyo usiku wa homa mzazi mmoja abaki macho, taa karibu, mkono juu ya kifua chake. Baba naye ashike zamu, si kazi ya mama peke yake.

Mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi, midomo ikigeuka rangi, akikataa kunywa, akikakamaa na kutetemeka, makohozi yakiwa na damu ao harufu mbaya, msingoje asubuhi. Mtoto chini ya miezi 3, homa yoyote ni ya kuleta hospitali. Na msitoke nyumbani bila sonda, kanula ya akiba na kamba zake, maana kanula inaweza kuziba hata juu ya pikipiki.