Shamba, Mkopo na Nauli: Fungu la Ndugu Zetu Wenye Ulemavu



Sisi wa kamati ya fedha tumeombwa tueleze kwa nini tunapendekeza fungu la watu wenye ulemavu liandikwe chini ya maendeleo na si chini ya misaada. Kwa mhasibu hilo si jambo dogo. Fungu la misaada hutolewa kama kuna kilichobaki. Fungu la maendeleo hupangwa kabla mwaka haujaanza, na mwisho wa mwaka huulizwa limezaa nini.

Tuanze na ardhi, maana hapo wengi wetu tunahusika moja kwa moja. Desemba tunapanda mlima, ukoo unakaa, shamba linagawanywa. Ndugu asiyeona au asiyetembea mara nyingi hapewi sehemu, na sababu husemwa kwa upole: "Atalima na nini? Atakula kwa kaka yake." Kaka akifariki, mjane na watoto hawamo katika makubaliano hayo, na ndugu yetu anabaki mgeni kwenye shamba la baba yake mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Wala kushindwa kushika jembe hakumwondolei mtu umiliki. Wangapi kati yetu tulio ukumbini tuna mashamba Mhezi na hatujashika jembe miaka kumi? Tunaweka vibarua, tunakodisha, na hakuna anayetuuliza. Yeye pia anaweza kukodisha.

Jambo la pili ni fedha za halmashauri. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato hayo yakifika shilingi milioni 100, milioni 2 ni zao. Mikopo ilisitishwa 2023, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, na mtu mwenye ulemavu asiye na kikundi anaweza kuomba hata peke yake. Kinachomshinda ni karatasi: andiko la mradi, akaunti ya benki, fomu, safari za Same. Mtu anayetambaa atashuka mlima mara ngapi kufuata sahihi moja? Andiko la mradi kwetu ni kazi ya jioni moja, na tutaliandika bila malipo. Fedha tunazoomba ni za nauli, picha, kufungua akaunti na posho ya msindikizaji. Nauli hiyohiyo itamfikisha KCMC Moshi anayehitaji mguu wa bandia.

Wazee wetu walikaa Same mwaka 1945 wakipinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walihoji namna ilivyokadiriwa. Kuuliza hizi asilimia 2 zimekwenda kwa nani ni swali la ukoo uleule.

Kuhusu shule hatutasema mengi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake. Njia ya mteremko mlangoni na choo chenye mlango mpana havihitaji mfadhili wa mbali: mawe yapo, na msaragambo haujafa. Tunaomba saruji, mabati na fedha za fundi. (Na kwenye fomu zetu tuandike "mtu mwenye ulemavu". "Kilema" kimo katika ngeli ya kiti na kijiko.)

Fomu ya ahadi iko katikati ya kijitabu hiki, na fungu hili liko mstari wa tatu. Ambaye kwao kuna ndugu aliyefichwa ndani na hajaandikishwa popote, aandike nyuma ya fomu jina la kitongoji tu, asiandike la mtu, ampe mweka hazina mkononi. Mjumbe wetu wa kijijini atapita huko kabla ya Pasaka.