Mafungu Matatu ya Tumbo



Enyi ndugu Waislamu wa Mutanga Nord! Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa tumbo ligawanywe mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Itazameni basi futari ya siku hizi. Adhana ya magharibi haijakwisha, sinia la sambusa na maandazi li tupu, na kikombe cha chai kimetiwa vijiko vinne vya sukari. Na mwenye nyumba huona aibu mgeni akiikataa sambusa ya tano!

Sukari ile huingia damuni kwa haraka, na kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi. Mambo yakidumu miaka, na kitambi kikaota, mwili huacha kuitii insulini. Hapo ndipo kisukari huingia. Mawese nayo, karibu nusu yake ni mafuta yaongezayo lehemu. Chumvi huvuta maji mishipani, shinikizo la damu likapanda. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika ndagala wakavu.

Mgonjwa achomaye insulini amekwisha kuruhusiwa na Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, asifunge. Asijifungishe kwa kuwaonea haya majirani. Amwulize tabibu kabla ya mwezi kuandama. Aliye mzima afuturu kwa tende na maji, asali magharibi, kisha ale maharagwe na lengalenga.