Mujane Ambaye Hakukimbia



Mzee huyu alikuwa askari katika vita ya 1998. Alipigwa risasi ya mguu karibu na Baraka. Rafiki yake akamubeba mugongoni mupaka ziwani, kisha akarudi kuchukua mwingine, hakuonekana tena. Mzee akavuka Tanganyika kwa mutumbwi, akaponea Kigoma.

Tulipofika kumuandika kwa jembe na mbegu, alikataa: “Andikeni kwanza mujane wake.” Lakini yule mama hana karatasi ya kurudi, kwani yeye hakukimbia. Kanuni yetu inamuacha inje.

Tunaomba tuibadilishe leo. Marehemu hana kaburi. Basi tusimame, tunyamaze kidogo.